Kimo

Ukutani mwa nyumbakumi wetu, hapa Majengo,
walichora mstari kwa chokaa.
Ulifika kifuani mwa mama,
au kwenye mkono wa chukudu iliyoegeshwa.
Aliye chini yake ni wa Ofisi.
Aliye juu yake analipa kodi ya hewa.

Mazuku hutambaa chini, hilo hata kuku analijua.
Hulala mashimoni, kati ya mawe meusi,
hayana rangi, hayana harufu, hayana haraka.
Ziwa lilipoanza kutokota kwa ndani,
Ofisi ya Pumzi ilisema inahitaji vipimo.
Mashine ni ghali.
Watoto wafupi ni wengi.

(Hawakusema hivyo. Walisema kwa Kifaransa kizuri,
kwa kipaza sauti, na mwishoni wakatushukuru.)

Basi alfajiri watoto walishuka mabondeni na taa,
wakubwa wakingoja ukingoni.
Taa ikizimika, filimbi.
Filimbi ikilia, bondo linafungwa,
na aliyeishika taa anahesabiwa kesho yake.

Tulijirefusha. Mumbere alijaza viatu vijiwe vya volkano,
wiki nzima akatembea kama mwenye dansi.
Mimi mama alinilisha sambaza hadi nikawachukia,
kana kwamba mfupa husikia ukisihiwa.
Nilibakiza vidole viwili.

Usiku ule dada yangu Kahambu, wa miaka kumi na sita,
alikata mpira wa gurudumu la chukudu,
akaufunga magotini,
akavaa kikwembe kipana cha mama,
akazunguka chumba kwa magoti, kimya,
nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka.

Asubuhi karani aliuliza: Jina?
Akajibu: Kanyere.
Jina langu lilitoka kinywani mwake
kama nguo yangu ya zamani, fupi mikono.
Karani alitazama mstari. Uso hakuutazama.

Yaliyotokea Ndosho nimesimuliwa na wengi,
na kila mmoja ana Ndosho yake.
Wanakubaliana hapa tu:
taa ya Byamungu ilizimika kwanza, akaanguka.
Ya dada ikafuata.
Halafu waliokuwa ukingoni waliona mtoto akirefuka,
kichwa, mabega, kikwembe kikiburuta,
msichana mzima amesimama juu ya hewa mbaya
akivuta pumzi.
Askari akapaza sauti: Magoti! Kipimo hakisimami!

Aliye juu mngoje chini, watu hupenda kusema.
Sisi wa chini hatukuwa na muda wa kungoja.

Alivuta pumzi mbili. Wengine husema tatu.
Angeweza kuondoka; njia ilikuwa nyuma yake.
Akainama tena.

Byamungu alitoka mabegani mwa mtu.
Mtu hakutoka.

Wiki ya pili ililetwa karatasi:
taa moja, haikurudishwa.
Faini, bidoni tisa za maji.
Niliyachota mimi, safari tatu ziwani,
mkanda wa bidoni ukinikata paji la uso,
na chini kabisa, kwa wino wa buluu,
nikasoma: Kanyere, faili limefungwa.
Daftarini mimi ndiye niliyekufa.
Marehemu hapimwi. Marehemu halipi hewa.
Miaka saba sasa naivuta bure,
na kila pumzi najua ni ya nani.

Usiku nashuka na taa yangu, naishika chini, gotini,
inapozimika nachora jiwe kwa chokaa.
Mistari yangu haimpimi mtu.
Inasema tu: hapa, mbebe mtoto.
Ofisi huifuta. Chokaa ni rahisi.

Jumapili Byamungu hutuletea makala.
Amekuwa mrefu vibaya, kama mti uliosahauliwa,
na mlango wetu ni mfupi, kwa hiyo anainama.
Mama hugeuza uso kila anapoinama.

Juzi mama aliuza sufuria kubwa, akaita fundi.
Hakutuambia kitu.
Fundi alipanda kwenye kiti na nyundo,
akauliza aupandishe mlango kwa kiasi gani.
Mama akanyoosha mkono juu, juu zaidi,
akasimama kwa ncha za vidole.