Nyuzi Themanini na Saba

Saa mbili usiku, El Alto, mita elfu nne juu ya bahari
ambayo nchi hii haina.
Darasa lina madirisha matano, vioo vitatu.
Wanafunzi wangu wamekuja na mchana wote mabegani:
Wilmer, saruji kwenye kucha;
akina dada wawili wa kiwanda cha sufi, wanaosinzia kwa zamu;
na Bi Herminia Callisaya, miaka hamsini na tisa, muuza supu,
ambaye kofia yake nyeusi ya duara imekalia dawati la pili
kana kwamba nayo imelipiwa ada.

Nikawadondoshea matone mgongoni mwa mkono:
asetoni, spiriti, maji, mafuta ya kula.
Semeni lipi linaondoka kwanza.
Asetoni haikuaga.
Spiriti iliacha baridi nyuma yake,
kama mgeni aliyesahau kufunga mlango.
Maji yalijivuta.
Mafuta yapo hadi leo, suruali ya Wilmer ni shahidi.

Nikasema: chembe hazikai kitako.
Zenye mbio hufika usoni mwa maji, zikachomoka.
Zinazoshikana sana huchelewa,
zinazoshikana kwa ncha za vidole huruka mapema.
Sasa ziba chupa.
Zinagonga kuta, zinagonga kifuniko, nyingine zinarudi,
mpaka zinazotoka na zinazorudi zilingane,
na chupa ionekane imelala, kumbe macho.
Kusukuma huko ndiko shinikizo la mvuke.
Pasha moto, linapanda.
Likilingana na hewa iliyoikalia sufuria,
mapovu yanazaliwa chini kabisa, maji yanachemka.

"Yanajisifu," akasema Bi Herminia.
"Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanapiga kelele kabla ya kuwa moto.
Mahindi yangu yanacheza tangu alfajiri
na bado ni changarawe.
Haya nimeyajua kabla hujazaliwa, mwalimu.
Nilichokosa ni jina lake."

Nikatumbukiza kipimajoto kwenye birika linalotokota.
Themanini na saba.
Akakitazama kwa jicho la mtu aliyerudishiwa deni.

Kisha akauliza:
"Chupa ikiwa nusu, je? Likibaki tone moja?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikageukia ubao, nikaandika:
*Kiasi hakibadilishi kitu.
Joto likiwa lile lile, na kifuniko kikiwa kimekaza,
chupa iliyojaa na chupa yenye tone moja
husukuma sawasawa.*

Chaki ikakatika. Akina dada wakaamka.
"Kwangu tulikuwa tisa," akasema Bi Herminia.
Hakuongeza neno. Sote tunajua cherehani za São Paulo,
mabasi ya Jumanne, simu za sekunde arobaini.
Akainakili sentensi yangu kwa kalamu nyekundu,
akaipigia mstari, halafu mstari mwingine.

Asubuhi nilipita kibandani kwake.
Sufuria ya shinikizo, mpini umeungwa kwa waya,
ilikuwa ikipumua kupitia tundu lake: psss, psss.
Mahindi yalikuwa laini.
Nikaona bakuli tisa zimepangwa juu ya meza,
nane zimefunikwa.
Sikuuliza. Akaifunua moja,
akanijazia mpaka ukingoni, akasema,
"Kula upesi. Hapa kila kitu kinapoa."