Silinda ya Saba

Ilikuja Mwanjelwa juu ya Kenta, imefungwa kamba ya katani:
injini ya Ford, silinda nane, umbo la V,
iliyoletwa kutoka Marekani ndani ya gari la kutambia
na miaka ishirini na sita ikakoboa mpunga Igurusi.

Nilipofungua sampu nilikuta pumba.
Pumba kwenye oili, pumba kwenye njia za maji,
na chini kabisa punje moja, nyeupe, haijavunjika.
Nikaiweka dirishani. Sijui kwa nini.

Gwakisa, aliyenona kwa kahawa ya Mbozi,
ana bodi la gari lake kwao Iyunga, linangoja moyo.
Anataka ingurume hadi mabati ya Soweto yajibu.
Nikachongesha bloki, nikabadili ringi,
nikasaga vavu kwa mkono,
kijiti kikizunguka viganjani kama napekecha moto,
mpaka petroli niliyoimimina juu yake
ikalala usiku kucha bila kuvuja.

Ikawaka.
Ikakohoa.
Hewa ya huku nyembamba, uji wa mgonjwa,
na kabureta ilizoea kushiba kule Usangu.
Nikaipunguzia petroli. Nikachezea taimingi
siku tatu, baridi ya Juni ikiniuma vidole:
moja, tano, nne, mbili, sita, tatu,
halafu, kama mtu anayeruka ngazi iliyooza,

nane.

Siku ya nne akaja Mama Subilaga, aliyeiuza,
kudai salio lake.
Akasimama mlangoni, kanga imefunika masikio;
akaifunua upande mmoja.
"Saba," akasema. "Wa tatu, kushoto. Mvivu tangu zamani.
Usimwongezee chakula. Rudisha moto nyuma, wote,
atawakuta njiani."

Nikalegeza distribyuta, nikaisukuma.
"Bado."
Unene wa unywele.
"Bado. Bado. Umepita! Haya,
hapo."

Moja, tano, nne, mbili, sita, tatu, saba, nane,
moja, tano, nne...
Gwakisa akavuta waya wa mafuta hadi mwisho,
spana zikacheza ukutani, kuku wa jirani wakapanda paa,
akacheka kama aliyekunywa.

Mama Subilaga hakucheka.
Mkono wake ulikuwa umeshatangulia,
kiganja wazi, upande wa kulia wa injini,
pale ulipokuwa mdomo wa mashine,
unakinga mchele.

Akautazama.
Kisha akaugeuza, vile vile ulivyo wazi,
kwa Gwakisa:
"Salio."