Mgeni Mgongoni

Jumamosi, mwezi wa sita, viwanja vya kukodi, Rotherham.
Maharage yangu yamevaa vidukari
kama mashina yaliyopakwa masizi.
Nilikuwa na chupa ya maji ya sabuni,
kidole tayari,
Bwana Oldroyd, fundi saa mstaafu, akanipa lenzi yake ya jicho moja.
"Watazame kwanza," akasema, "unaotaka kuwaua."

Nikainama, nikakunja uso kuishika lenzi.
Kidukari mmoja, mdogo kuliko ufuta,
na mgongoni mwake, mdogo kuliko yeye,
utitiri:
mwekundu, wa duara, tone la mawese
lililosahau kudondoka.
Miguu sita tu. Miwili hajapewa bado.
Kichwa amekizamisha, ananyonya.
Na mwenye mgongo naye ananyonya shina,
wala hajikuni,
angejikuna kwa mkono gani?

Shuleni Korogwe tulichora kupe ubaoni.
Tulimvisha tai, tukampa tumbo la chaki,
tukamzomea mpaka kengele.
Nilipata tisa kwa kumi.

Sikulichora kochi la Mwamvita.
Wiki kumi na moja, tangu theluji mpaka miti ikaota majani,
blanketi lake, mita yake ya gesi
ikimeza sarafu zake,
chai yake, nami nikiongeza sukari yake.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Hakunipa jembe. Alinipa ufunguo.
Usiku nilimsikia jikoni akihesabu,
akikosea, akianza upya,
nami nikageukia ukutani
nikajifanya nakoroma.

"Akishiba ataanguka mwenyewe," mzee alisema.
"Ataingia udongoni. Atatoka na miguu minane
na koti la mahameli, halafu
atakula mayai ya hawa hawa."

"Na huyu aliyembeba?"

Akaifuta lenzi kwa pindo la shati,
akaifuta tena,
akaenda kuangalia vitunguu vyake.

Nilinyunyizia mashina matatu. La nne nililiacha,
si kwa huruma, sijui kwa nini.
Nikachuma maganda yaliyojaa,
kilo mbili kasorobo kwa mizani ya mzee,
nikapanda basi la saa tisa
na udongo kwenye kucha.

Mlangoni kwa Mwamvita nikapiga hodi,
ingawa ufunguo
ninao bado.