Cressida ya Mama

Mundhir hakuipaka rangi.
Kutu ya mlango kaiacha, na kibandiko cha duka la halua la Barka,
na lile doa la mchuzi wa papa kiti cha nyuma
ambalo mama alililaani mpaka kufa.

Chini ya boneti, lakini,
miezi saba gerejini Mabela, mishahara saba,
kaipandikizia moyo wa Supra iliyogongwa Sohar.

Taa za Al Khoudh. Lexus nyeupe ikashusha kioo:
"Ami, hiyo itafika Ruwi?"
"Inshallah."

Kijani.
Tasbihi ya mama, iliyoning'inia mbele,
ikavutwa nyuma, ikalala hewani, ikakataa kurudi wima.
Lexus ikawa nukta.

Kabla ya rada akapunguza,
akaituliza tasbihi kwa vidole viwili.
Mama hakupenda mbio.