Kidato cha Tisa

Elfu moja mia nane na tisini, mwezi wa Septemba:
nilizikariri tarakimu hizo kama mtoto akaririvyo
jina la mtaa wao, asije akapotea sokoni.
Mwalimu Hruška aligonga ubao kwa pete yake ya ndoa.
"Maji yalipanda kiasi gani?" Nami, mkono juu:
"Mita sita na robo, mwalimu, juu ya kina cha kawaida."
"Nyumba ngapi?" "Arobaini na moja."
"Na daraja?" "Lilikatika tao la tatu."
Nikapewa alama zote, na kalamu yenye picha ya kanisa.

Penye pembe ya kiwanda cha bia, miaka imechongwa ukutani,
mstari juu ya mstari. Sisi watoto tulijipimia kimo pale.
Nilipotimiza miaka tisa niliyafikia mafuriko madogo.
Yale makubwa sijayafikia hadi leo,
hata nikivaa viatu vya arusi.

Shangazi Bohdana nilimcheka.
Picha zake zilining'inia chini kidogo tu ya dari,
wageni wakazitazama shingo juu, kama kuku anayekunywa maji.
Unga kwenye rafu ya mwisho. Hati za nyumba juu ya kabati.
Na penseli, kipande cha penseli kilichofungwa uzi
kwenye nguzo ya ngazi, penye kidato cha tisa.
"Ya nini hii?"
"Tuliikuta. Ikiisha tunafunga nyingine."
Nikaitumia kuandikia mahitaji: siki, vitunguu, kiberiti.

Alipofariki, nyumba ikaniangukia mimi.
Februari akaja fundi Zbyněk
kubandua karatasi za ukuta kando ya ngazi,
tabaka saba: maua, milia, maua tena, njiwa wa buluu,
na chini ya zote chokaa tupu.
"Bi Květa," akaniita, "hebu njoo.
Kuna mtu alikuwa anahesabu."

Saa moja usiku. Mstari mfupi, kidato cha kwanza.
Saa mbili. Saa mbili u nusu.
Hapa mwandiko bado ni wa karani, herufi zimefunga tai.
Saa nne: mistari miwili imekaribiana,
kama mtu aliyedhani amekosea akapima upya.
Saa tano: *Ng'ombe wamenyamaza.*
Saa sita.
Saa sita na robo.
Saa sita u nusu, penseli imeichimba chokaa.
Kidato cha tisa: mstari, bila saa.
Kisha ukuta, mweupe.

Nikaketi ngazini na koti langu la kazi.
Jibu nilikuwa nalo! Hilo ndilo lililoniumbua.
Tangu nina miaka kumi nilijua yangekomea hapo,
kwamba kabla ya alfajiri yangeanza kushuka;
nilijua, nikazawadiwa kalamu.
Yeye hakujua.
Yeye alikuwa na kidato cha kumi, cha kumi na moja,
dari, vigae, na pengine mtoto begani,
na kila mstari aliouchora ulikuwa swali
nililolisoma maisha yangu yote kama jibu.

Simlaumu Mwalimu Hruška. Mita zake zilikuwa za kweli;
bila mwaka aliotukaririsha
nisingetambua hata ni usiku upi huu ukutani.
Ila hakuna aliyetuambia kwamba ule mwaka
ulikuwa na saa tano usiku ndani yake,
na zizi, na sikio lililotegwa gizani
likisubiri mlio ambao haukuja.

"Nipake rangi?" Zbyněk aliuliza, brashi mkononi.
Nikamwambia aende akanywe chai kwanza.
Nikaichonga penseli kwa kisu cha jikoni,
nikairudisha kwenye uzi wake.
Dirishani mto ulikuwa chini, wa kijivu,
bata wawili, barafu nyembamba ukingoni,
mto wa kawaida kabisa,
kama ulivyokuwa asubuhi ya siku ile.