Kopo la Risiti

Jumapili, mbele ya mchuzi wa kuku,
Jagna aliweka kijiko chini akasema: sili tena nyama.
Baba yake akatazama dari. Mimi nikatazama sufuria:
kuku mzima, zloti ishirini na mbili,
bawa moja likielea bado.

Haya. Asiyejaribu hajui.
Jumatatu nikaingia duka kubwa lenye taa nyeupe,
nikatoka na mfuko mwepesi na pochi nyepesi zaidi:
maziwa ya lozi, ambayo ya lozi ni jina tu;
jibini ya korosho, kipande cha kumtosha panya mwenye haya;
soseji za njegere, zimefungwa kama zawadi ya harusi.
Mia moja arobaini na nane.
Usiku nilihesabu tena, nikidhani mashine imekosea.
Haikukosea.

Zbyszek aliitafuna soseji ile kimya,
kimya cha mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine.

Ijumaa nikatwaa kikapu cha marehemu mama,
nikapanda tramu hadi soko la Bałuty.
Maharage makavu, kwa kilo. Dengu. Shayiri.
Viazi na udongo wake. Bitiruti.
Kabichi kubwa kuliko kichwa cha diwani.
Thelathini na tisa, na mabega yote mawili yakilalamika.

Kwenye tramu mama alinijia,
yeye na miaka ile ya kadi za mgawo,
foleni tangu alfajiri,
na mwisho wa foleni ndoano tupu ukutani.
Alitupikia hivi hivi: maharage, kabichi, shayiri,
na kila alipopakua alituomba radhi.
Leo Jagna anapakua mara ya pili, anaiita afya.
Sikumwambia kitu. Jina jipya halipunguzi shibe.

Wiki ya nne nikafungua kopo la chokoleti
ninamoweka risiti, nikajumlisha:
tumeokoa zloti sitini na moja!
Nikainuka nitundike koti la Zbyszek,
mfuko ukachakarika.

Kibanda cha kona, Jumanne, soseji ya moshi, kumi na nne.
Alhamisi, kumi na nne.
Jumanne tena.

Nikazikunjua moja moja, nikazilaza na wenzao,
nikajumlisha upya. Kumi na tisa.
Daftarini, kwenye safu ya mengineyo,
niliandika: dawa ya mzee.
Kisha nikalitundika koti msumarini,
na mfukoni nikaacha kitambaa safi
cha kufutia midomo.