Tone la Tembo

Chachu tulikwishaitoa jana,
hata makombo ya andazi mfukoni mwa sare ya Hadasa.
Leo unga na maji, dakika kumi na nane,
Nahshoni kashika simu kama refa;
mkate umetoka mkavu kama Nkuhungu mwezi wa tisa.

Mboga chungu: mchunga, fungu mia tano, soko la Majengo.
Divai: zabibu za Hombolo, tulizikamua wenyewe,
mtungi ukalala chini ya kitanda cha bibi.
Tende na karanga tumeziponda ziwe tope la watumwa.
Baba, anayefyatua tofali Ihumwa tangu serikali ihamie,
akaonja: "Hili halijakaza."

Kisha mapigo. Kila pigo,
kidole kikombeni, tone sahanini,
maana waliozama baharini nao walikuwa na mama.
Kumi. Tukafuta vidole.
Cha Hadasa bado kimelowa.

"Na yule tembo?"
Tembo yupi?
"Aliyekuja kunywa, akadidimia topeni,
mji ukapata jina. Naye alikuwa na mama."

Nahshoni akapekua kitabu, mbele, nyuma.
Bibi akasogeza sahani yake:
"Weka hapa."
La kumi na moja.

Tukamfungulia Eliya mlango.
Mchana ilinyesha; ikaingia harufu ya tope bichi
na kumbikumbi, wengi, wakaivamia taa.
Mmoja akatumbukia kwenye kikombe cha mgeni.
Hadasa akamwopoa kwa kidole kilekile,
akamlaza juu ya kitambaa cheupe,
akampulizia mabawa.